Pedali Inayopiga kwenda Juu

Nimestaafu kupiga dramu nikiwa na miaka thelathini na tatu, kwa hiyo msitafute mvi hapa. Nilicho nacho ni goti la kushoto linalolia kama kiti kibovu kila ninapopanda ngazi. Daktari aliyelitazama aliniambia nichague: kuendelea kusimama kwa mguu mmoja kila Jumamosi, au kutembea bila fimbo nikifika hamsini. Nikachagua kutembea. Mkiona mahali nimejifanya mzee katika maandishi haya, nisameheni. Ni woga tu. Ninaogopa kuandika kama nilivyokuwa ninaogopa kupiga.

Wengi wenu mmeniuliza swali lilelile: pedali inafungwaje kwenye ngoma ya kusimama ili kirungu kipige kutoka chini? Nilianza kumjibu mmoja wenu kwa simu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, mpaka akaniuliza kama nimezimia, maana alikuwa anaona naandika tu na hakuna kinachofika. Basi nimeamua kuandika yote kwa pamoja, hata yale yanayoniaibisha. Jibu lenyewe ni fupi. Ila mimi nililipata kwa njia mbaya, na nadhani hiyo njia mbaya ndiyo itakayowafaa zaidi.

Kwanza kwa asiyeijua ngoma hii. Dramu za kawaida mpigaji hukaa, na ngoma kubwa ya besi hulala ubavu mbele ya miguu yake. Akikanyaga pedali, kirungu, yaani kile kifimbo chenye kichwa cha mviringo, kinakwenda mbele na kuigonga. Ngoma ya kusimama ni pipa moja refu juu ya miguu mitatu myembamba. Uso wa juu unaupiga kwa vijiti. Uso wa chini, unaotazama sakafu, ndio besi yako. Pedali inakaa chini yake, na ukikanyaga, kirungu kinaruka juu na kuigonga ngoma tumboni. Pembeni unafunga sahani moja ya shaba, na kazi inaanza. Mguu wa kulia uko kwenye pedali, wa kushoto umebeba mwili mzima. Sasa mnajua goti langu lilikwenda wapi.

Faida yake kubwa ni kwamba inaingia kwenye buti ya gari dogo. Hiyo ndiyo sababu niliitengeneza, na sababu hiyo ilianzia kwenye boti.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne. Kiongozi alikuwa Mzee Idrisa, mpiga gitaa, mtu wa Bukoba mjini ambaye babu yake alitoka pwani akaoa hapa, na ambaye Kihaya chake ni kizuri kuliko changu. Kinanda alipiga Filbati. Dada Koku aliimba. Mimi nilikuwa na dramu kamili za kukaa, vipande saba, na tulipiga kwenye harusi za Bukoba na Muleba. Siku moja tuliitwa Bumbire, kisiwani. Ziwa lilikuwa limechafuka. Dramu zangu zilichukua nafasi ya watu wanne kwenye boti, na mwenye boti akaigonga besi kwa ngumi akauliza, "Huyu mnene naye anashukia wapi?" Watu wakacheka. Tulipofika, ndani ya besi kulikuwa na maji na dagaa watatu. Watu wakacheka tena. Mzee Idrisa hakucheka mara zote mbili.

Tuliporudi Bukoba aliniita pembeni.

"Yusto, Filbati ana dramu za kila aina ndani ya kinanda chake. Anabonyeza kitufe. Hazipandi boti, hazilowi."

"Hazina uhai, Mzee."

"Hazina dagaa pia."

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya ngoma ya kusimama. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Haya. Itengeneze. Mwezi ujao tuna sherehe Izigo, ya kumuaga binti. Hapo ndipo tutajua. Ikilia mwanzo hadi mwisho, unabaki. Ikikwama, tutabaki watatu."

Niwaambie ukweli kuhusu hali yangu wakati huo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu mwaka wa kwanza kwa sababu ya mitihani. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nafuta majibu sahihi na kuyaandika upya mpaka muda unakwisha na karatasi inatoboka. Nyumbani Buhembe mama alikuwa amewaambia majirani kwamba nimepumzika kidogo, na huo "kidogo" ulikuwa na miaka mitatu. Dramu nilijifunza peke yangu, kwa kukaa nyuma ya kwaya ya vijana kanisani nikitazama mikono ya mpigaji, kisha kwenda nyumbani kugonga madumu. Hakuna kitu kingine nilichokuwa nakiweza. Kama ningetolewa kwenye bendi ile, sijui ningekuwa nani asubuhi iliyofuata. Kwa hiyo mnielewe nilivyoishughulikia ile pedali.

Mwili wa ngoma niliupata kwa kuunganisha ngoma mbili zilizokufa za matarumbeta, nilizopewa na mzee mmoja wa kanisa aliyetaka nafasi stoo. Hiyo ilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa pedali. Nilikuwa na ya kawaida, inayopeleka kirungu mbele, na nilitaka kiende juu. Nikapinda fimbo yake. Nikaipinda tena. Kila nilipoipinda nilichora umbo lake kwenye daftari na kuandika namba. Nilipojaribu namba kumi na tano fimbo ilikatika, nami nikapanda gari kwenda Muleba kwa Ta Muganyizi.

Ta Muganyizi alikuwa fundi baiskeli. Sisi tunawaita hivyo wanaume wa rika la baba zetu, Ta fulani, na yeye alistahili heshima hiyo hata kutoka kwa watu wa rika lake. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko, na hakuwa amewahi kuona dramu kwa karibu. Nilimwekea pedali mezani na daftari langu pembeni.

"Umeipinda mara ngapi, mwana?"

"Kumi na nne, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

"Na ya kumi na tano?"

"Imekatika."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaikanyaga pedali kwa kiganja, polepole, akitazama mnyororo mdogo unaounganisha kanyagio na ule mtaimbo wa juu unaoshika kirungu.

"Mnyororo huu unashukia wapi?"

"Mbele, waitu. Upande wa ngoma."

"Ndiyo maana kirungu kinakwenda mbele. Wewe ulikuwa unamvunja mtu shingo ili atazame nyuma. Mwambie ageuke!"

Alifungua mnyororo, akaupitisha juu ya mtaimbo ushuke upande wa pili, upande wa mpigaji. Akalaza fimbo mpya, kipande cha spoku nene ya pikipiki, ielekee mbele kama kidole kinachoonyesha njia. Akakanyaga. Kirungu kikainuka juu. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na malipo aliyotaka ni chai hiyohiyo. Daftari langu hakulifungua.

Basi hilo ndilo jibu la kwanza kwa swali lenu: msipinde kitu. Hamisheni upande mnyororo unaposhukia, na lazeni fimbo. Mengine niliyojifunza nayaandika hapa kama yanavyonijia.

Spring ilegezeni kuliko mnavyodhani. Kwenye pedali ya kukaa, spring ndiyo inayorudisha kirungu. Hapa kirungu kinaanguka chenyewe kwa uzito wake, na spring ni ya kukisaidia tu kisiyumbe. Mimi niliikaza kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika. Baada ya nyimbo tatu nyonga iliniuma kama nimebeba mkungu wa ndizi kutoka Kamachumu.

Kichwa cha kirungu kisiwe kigumu. Nilijaribu mpira wa kandambili, ngoma ikalia kama mtu anapigwa kofi. Nilijaribu sponji la godoro, haikulia kabisa. Kilichofaa ni kile kitambaa kizito cha dasta ya kufutia ubao, nilichokikunja mara mbili na kukishona. Dasta niliichukua shule ya msingi aliyokuwa akifundisha dada yangu. Aliitafuta wiki nzima. Kama anasoma hapa, sasa anajua.

Uso wa chini ulegezwe kuliko wa juu, na pitisheni kitambaa chembamba kati yake na duara linaloubana ili sauti isiendelee kuvuma. Na mkishapiga, acheni kirungu kidondoke. Msikibane kwenye ngozi kama mnaziba tundu la maji. Piga, achia. Mimi ilinichukua miezi kuachia, na si kwenye pedali tu.

Kisha kuna umbali kati ya kichwa cha kirungu na ngozi, mguu ukiwa umepumzika. Kikiwa mbali sana, sauti inachelewa. Kikiwa karibu sana, haina nguvu. Mimi nilikuta sentimita nne na nusu ndiyo sahihi. Niliipima kwenye sakafu ya saruji ya baraza letu Buhembe, kwa rula ya shule, asubuhi na jioni, wiki mbili. Nilichonga alama kwa tupa kwenye miguu yote mitatu ya ngoma ili nikiifungua na kuifunga tena irudi palepale. Filbati alikuja kuniona akanikuta nimelala kifudifudi chini ya ngoma na rula mdomoni.

"Fundi Sentimita," akasema, "unamkagua mjamzito?"

Nilicheka, lakini moyoni nilimwona kama mtu anayekuja kupima chumba atakachohamia. Baadaye nilijua alikuwa ameleta maandazi kutoka kwa mke wake, na hakuwa na nia nyingine.

Siku ya Izigo tulifika saa tatu asubuhi. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba pande zote, kahawa chini yake. Mbele ya nyumba walijenga banda kubwa la miti na maturubai, na ndani yake, kuanzia ukuta hadi ukuta, walitandika nyasi mbichi. Mnaotoka huku mnajua nyasi hizo. Mgeni wa heshima hakanyagi udongo mtupu. Zinakatwa alfajiri, zinatandikwa na wanawake wa ukoo, zikielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na banda zima linanukia. Zilikuwa nene kiasi cha kumeza viatu vyangu.

Nimezaliwa huku. Nimekaa kwenye nyasi hizo tangu utotoni. Lakini siku ile sikuona heshima. Niliona kitu kilichosimama kati yangu na sentimita nne na nusu. Nikaangalia kushoto na kulia. Nikachuchumaa, nikaanza kuzisogeza kwa mikono, nikatengeneza duara safi la udongo mtupu lenye upana wa hatua mbili, nikaweka ngoma yangu katikati. Nikapima. Nne na nusu. Nilifurahi sana, hata sikumsikia aliyesimama nyuma yangu.

"Iwe, wewe kijana!"

Alikuwa Ma Leokadia, shangazi wa bibi harusi, aliyesimamia utandikaji tangu kabla jua halijatoka. Kanga kiunoni, nyasi bado zimenasa kwenye mikono yake.

"Nani amekwambia nyumba yetu ina mapunye?"

"Shikamoo, mama. Hapana, ni ngoma. Inataka udongo. Nimepima..."

"Umepima! Wageni mia wanakuja kukanyaga nyasi. Wewe peke yako ndiye utasimama kwenye udongo kama mtu asiyekaribishwa? Watu waseme bendi tuliifukuza ikakataa kuondoka?"

Wanawake wawili nyuma yake wakaangua kicheko. Mzee Idrisa alikuja haraka akiwa na gitaa mkononi.

"Ma Leokadia, waitu, utuwie radhi. Kijana ana wasiwasi."

"Wasiwasi unatibiwa kwa kukaribishwa," akasema, na kwa mikono yake akarudisha nyasi. Akaongeza nyingine juu, kwa ajili yangu hasa, zikawa nene kuliko mahali pengine popote. "Hapo. Sasa wewe ni mgeni."

Nilifunga ngoma juu ya nyasi. Nikapima, nikapata nne na nusu, nikajiambia yamekwisha.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Besi ililia nzito na safi, na Mzee Idrisa aligeuka akanipa jicho la kuridhika. Watu waliinuka kucheza. Wimbo wa pili, besi ikaanza kuwa nyembamba, nami nikadhani ni masikio yangu. Huwa nasikia makosa ambayo hayapo. Wimbo wa tatu, wazee wakiwa katikati wanacheza na binti yao, nilikanyaga na hakuna kilichotoka. Nikakanyaga tena. Kilichotoka ni mguno, kama mtu aliyeamshwa. Niliinama nikaona kirungu kimebanwa kwenye ngozi, kimeegemea, hakina pa kuanzia safari.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, ingawa wakati ule sikuelewa. Miguu mitatu ya ngoma ni myembamba. Kwa kila pigo, na kwa vishindo vya wachezaji, ilikuwa inatoboa nyasi kidogokidogo kwenda chini. Pedali ina bamba pana, kwa hiyo ilibaki inaelea juu ya nyasi. Ngoma ilikuwa inazama, pedali haizami. Umbali wangu wa nne na nusu ukawa tatu, ukawa mbili, ukawa sifuri.

Nilimaliza wimbo kwa mikono tu. Mzee Idrisa akaja sikioni kwangu.

"Nini?"

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Ningeweza kusema nimekosea mahali, nipe dakika tano. Nilisema, "Pedali imevunjika, Mzee. Yule fundi wa Muleba alifunga vibaya."

Nilimtupia Ta Muganyizi kosa lile bila hata kupepesa. Mtu aliyenifanyia kazi kwa kikombe kimoja cha chai.

Mzee Idrisa alimtazama Filbati na kutikisa kichwa, naye Filbati akaweka kidole kwenye kitufe. Dramu za kinanda zikaanza kupiga, sawasawa kabisa, tak-tak-tak-tak, hazikosei. Watu walicheza. Nikasimama nyuma ya ngoma yangu na vijiti mkononi kama mlinzi wa duka lililofungwa.

Chakula kilipoanza kugawiwa nilikwenda kukaa nyuma ya banda, karibu na jiko. Sikulia, lakini mngeniuliza chochote ningelia. Ma Leokadia alikuja na sahani ya ndizi na samaki, akaniwekea magotini.

"Ngoma yako imenyamaza."

"Imevunjika, mama."

"Twende nikaione."

"Ni mambo ya ufundi, mama."

"Na mimi nimeuliza kama ni mambo ya sala?"

Tulikwenda. Akapiga magoti mbele ya ngoma, akaingiza mkono chini ya pedali, akauacha hapo. Kisha akaupeleka kwenye mguu wa ngoma na kuufuata kwa kidole mpaka chini.

"Hii miguu imefika kwenye udongo," akasema. "Hiki kibamba chako kiko juu, kimelala usingizi. Hakuna kilichovunjika hapa. Umeweka mwembamba na mpana kwenye nyasi, unategemea watashuka pamoja? Sisi chungu cha pombe ya rubisi hatukiweki kwenye nyasi hivihivi. Tunaweka kitu kipana chini, ndipo tunaweka chungu."

Nilimtazama. Wiki mbili za rula, na mwanamke aliyetandika nyasi maisha yake yote alilijua tatizo langu kwa kiganja.

"Kitu gani kipana, mama?"

Alifikiri kidogo, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akiburuta mlango wa mbao wa banda la mbuzi. Mbuzi wanne walikuwa wanamfuata, wakishangaa uhuru wao. Tuliulaza mlango juu ya nyasi, tukauponda kwa miguu ukatulia. Tukapandisha ngoma, pedali, nami mwenyewe, wote juu ya mlango mmoja. Ukizama, tungezama pamoja. Ma Leokadia akatawanya nyasi chache mbele ya mlango ili usionekane.

Nikatafuta rula mfukoni. Nilikuwa nimeiacha kwenye begi, ndani ya gari.

"Unataka nafasi kiasi gani?" akauliza.

"Nne na nusu."

"Nne na nusu ya nini?" Akaingiza vidole vitatu kati ya kirungu na ngozi. "Vinatosha?"

Nilitaka kusema hapana. Nilisema, "Vinatosha, mama."

Lakini ngoma kuwa tayari hakukunirudisha kwenye bendi. Filbati alikuwa ameshakaa, Dada Koku ameshika maiki, na Mzee Idrisa alikuwa anakaza nyuzi. Nilijua njia ilikuwa moja tu. Nikamwendea Mzee Idrisa.

"Mzee, naomba nipige."

"Umesema imevunjika."

"Haijavunjika. Nilisema uongo."

Dada Koku akashusha maiki. Filbati akatazama vidole vyake.

"Kwa hiyo fundi wa Muleba hakukosea?" akauliza Mzee Idrisa.

"Hakukosea."

"Na mama aliyeongeza nyasi?"

"Hakukosea. Nilikosea mimi. Nilipima kwenye saruji, nikaja kupiga kwenye nyasi, na nilipoona aibu nikatafuta wa kumbebesha."

Aliacha kukaza nyuzi. Niliona kwamba uongo ulimuudhi kuliko besi. Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi kwa Kihaya, akiwatukana mama zao.

"Sharti lilikuwa mwanzo hadi mwisho," akasema.

"Najua, Mzee."

"Wimbo mmoja. Filbati, kidole chako kibaki hapohapo."

Nikasimama juu ya mlango wa mbuzi. Niliweka kisigino chini, nikavuta pumzi, nikakanyaga. Besi ilitoka. Ilikuwa nzito kuliko ya Buhembe, kwa sababu mbao za mlango ziliipokea na kuirudisha, niliisikia kwenye nyayo. Ila kulikuwa na kasoro. Bawaba moja ilikuwa bado imening'inia kwenye mlango, na kila nilipopiga ililia, chwi, kama panya. Chwi. Chwi. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka nisimame, niinue mlango, niing'oe ile bawaba, nipime upya, nianze. Mbele yangu Ma Leokadia alikuwa ameingia uwanjani na wenzake, mikono juu, wakikanyaga nyasi zao wenyewe kwa mapigo yangu. Nikaiacha bawaba ilie.

Katikati ya wimbo nilimwona Filbati anatumia mikono yote miwili.

Tulipiga mpaka saa kumi na moja jioni, nyimbo ambazo sikuzihesabu, na kwa mtu kama mimi kutohesabu ni habari kubwa. Mzee Idrisa aliaga wenye nyumba, akafunga gitaa lake, akamsaidia Filbati kubeba kinanda. Mimi nilifungua ngoma polepole, nikisubiri hukumu, nikijiambia kwamba angalau nitakwenda Muleba kumwomba radhi Ta Muganyizi kwa jambo ambalo hata hajui nililisema. Nilikwenda kweli, wiki ile ile. Alisema, "Kumbe na wewe unaweza kuvunja kitu bila kukipinda," akanipa stuli nikae.

Ulibaki mlango. Nilijaribu kuuinua peke yangu, nikashindwa. Upande wa pili ukainuka. Mzee Idrisa alikuwa ameushika. Tukaubeba pamoja kuzunguka nyumba, yeye mbele, mimi nyuma, bawaba ikilia njia nzima. Mbuzi walikuwa wamesharudishwa, wamezuiwa kwa benchi. Tuliupachika mlango mahali pake, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Jumamosi tuko Kamachumu," akasema, akitazama mbuzi. "Tafuta mlango wako mwenyewe. Hatuwezi kuwa tunafungulia watu mifugo yao kila wiki."